Jina Kabla ya Sindano

Mama mkwe wangu alilazwa katika wodi ninayofanya kazi, na tangu hapo sikukaa kitako. Kichomi kilikuwa kimemshika kifua, anakohoa mpaka mishipa ya shingo inamsimama, na bado alikuwa na nguvu za kunisema. Alisema natembea kama mtu aliyeibiwa. Alisema wodi nzima ina wauguzi watulivu, sasa kwa nini yeye apewe kiguu na njia.

Ni kweli, mimi si mtulivu. Wagonjwa walinipachika jina la Askari zamani, kabla yake, kwa sababu sigusi mshipa wa mtu mpaka anitajie jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Simwulizi kama yeye ndiye fulani, maana mgonjwa mwenye homa, na tena mwenye adabu, ataitikia ndiyo hata ukimwita kwa jina la jirani yake. Namwuliza jina lake nani, kisha nanyamaza. Akishalitaja natazama bangili ya karatasi mkononi mwake, natazama faili, natazama bomba la sindano nililoshika, ndipo naanza kazi. Wengine huona namdharau mtu. Mimi naona kidonge ulichokosea kina nafasi ya kutemwa, lakini dawa ya mshipani ikishaingia imeingia, hata ulie machozi ya damu.

Mara ya kwanza nilipomwuliza mama mkwe jina, alinitazama kana kwamba nimemvua kitambaa cha kichwa mbele za watu.

"Wewe ndiye unayeniuliza mimi jina?" alisema. "Umekula chunguni mwangu miaka yote hii, watoto wako nimewabeba kwa mgongo huu, leo hunijui?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba ndiyo kazi, kwamba hata angekuwa mama yangu wa kunizaa ningemwuliza. Akageukia ukutani. Nikasimama na sinia langu nikingoja, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakichekea ndani ya mashuka. Mwishowe alilitema jina lake, moja tu, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nami, kwa kuwa sina akili ya kuridhika na kidogo nilichopata, nikamwomba ataje na la baba yake. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Bangili nayo aliikataa. Ya kwake ilikuwa nyekundu, na kwetu nyekundu maana yake mgonjwa huyu ana dawa inayomdhuru. Kabla sijaolewa na mwanawe aliwahi kudungwa penisilini kwa sababu ya kidonda, uso ukamvimba mpaka macho yakapotea na pumzi ikamkata. Walimrudisha duniani kwa taabu. Kisa hicho hukisimulia kwa fahari kila sikukuu. Lakini kuvaa bangili, hapana. Alisema imemfanya aonekane kama mbuzi wa mnadani. Kila nilipomvalisha alijipaka sabuni ya kuogea akaivua, akaitumbukiza kwenye mkoba wake.

Akanishtaki kwa mwanawe. Mume wangu ni mtu wa utani, sijamwona akigombana na mtu ila timu yake inaponyimwa bao. Alinijia nyumbani akikuna kisogo, akaniomba nimwulize mama jina kimoyomoyo. Nilipomtazama akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Bibi alipoona mwanawe hana msaada akanishtaki kwa Sista Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa wodi yetu, mwanamke mrefu wa maneno machache. Sista Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba kuanzia sasa dawa za mama mkwe atampa yeye. Mkono unaompenda mgonjwa hutetemeka, alisema, na mimi wa kwangu umeanza. Kilichonichoma ni kwamba yeye naye alimwuliza jina, na bibi akalitaja bila kinyongo. Kuulizwa na mgeni si tusi. Tusi ni kuulizwa na mkwe.

Basi nikabaki upande wangu wa wodi, macho upande wa pili. Nikimfunga mtu bandeji, sikio liko kwenye kikohozi chake. Kikikaa kimya kidogo naacha bandeji nachungulia. Ananiona, ananipungia mkono niondoke, kama mtu anayefukuza kuku.

Siku ile tulikuwa wachache, tukaletewa muuguzi wa kutusaidia kutoka wodi ya watoto. Wagonjwa walimwita Asali hata kabla ya chai ya asubuhi. Alikuwa na uso wa duara na sauti ya kubembeleza, kila mtu kwake ni "mama mzuri" au "bibi mrembo," na alipotandika kitanda alikupa habari za dunia nzima. Alipompima mama mkwe joto walicheka pamoja mpaka kikohozi kikamshika. Nilipopita karibu, mama mkwe alininyooshea kidole.

"Mtazame mwenzio," alisema. "Hajaniuliza hata herufi moja. Jifunze."

Niseme ukweli, niliona wivu. Nilimeza mate machungu nikaenda zangu chumba cha dawa, lakini chini ya wivu kulikuwa na kitu kingine kinachonitambaa mgongoni, nacho kilikuwa hofu. Sikujua naogopa nini. Nilijua tu kwamba siwezi kusimama mahali pamoja.

Namba za vitanda katika wodi yetu zimepakwa rangi ukutani, juu ya kila kitanda, na kwa mazoea tunazungumza kwa namba. Wa kwanza apimwe presha, wa nne apewe dawa. Wa kwanza, pale mlangoni, alikuwa mama mkwe. Wa nne, pale dirishani, alikuwa fundi cherehani mmoja mwenye mguu uliovimba kwa uchafu ulioingia kwenye jeraha; huyo alikuwa mgonjwa wangu, na dawa yake ilikuwa penisilini ya mshipani.

Saa ya wageni ilipoanza nilikuwa naitayarisha. Nilinawa mikono, nikafuta meza kwa spiriti, nikapangusa mpira wa kichupa cha dawa nikauacha ukauke. Nikavuta maji ya sindano, nikayaingiza kwenye unga, nikakiviringisha kichupa kati ya viganja mpaka unga wote ukayeyuka. Ikishayeyuka haina alama. Ukiiweka kando ya maji matupu macho hayakusaidii, ndiyo maana unaandika. Vibandiko vyetu vya maandishi vilikuwa vimekwisha, tulikuwa tunatumia kipande cha plasta na kalamu. Jina la fundi ni refu na plasta ilikuwa fupi. Nikaandika jina la dawa na saa niliyoichanganya, kisha nikaandika namba nne.

Mara nikasikia kishindo upande wa bafuni na mtu akiita muuguzi. Bibi mmoja alikuwa ameanguka na dripu yake imechomoka, damu imemtapakaa mkononi. Nililiacha sinia pale mezani nikakimbia. Kanuni inasema dawa uliyoichanganya wewe uitoe wewe, na usipoweza, imwagwe. Naijua kanuni hiyo kama ninavyoijua njia ya kwetu. Nilidhani nitarudi sasa hivi.

Yaliyotokea nikiwa bafuni niliyajua baadaye. Mume wangu alikuja na mfuko wa machungwa, akamkuta mama yake analalamika kwamba pale mlangoni upepo unampiga kifuani na kila anayeingia anamtazama nyayo. Fundi cherehani akasema yeye angeupenda mlango kuliko dirisha, maana choo kiko mbali kwa mtu wa mguu mmoja mzima. Mume wangu hawezi kuona kitu kizito asitake kukisukuma. Akafungua breki za vitanda, akasaidiwa na mfagiaji, wakavibadilisha mahali na wagonjwa wakiwa juu yake. Wodi ikapiga makofi. Hakuna aliyemwambia muuguzi, kwa sababu waliona wamepanga mambo yao ya nyumbani, si ya hospitali.

Asali akaingia chumba cha dawa, akaona sinia langu, akasikia zogo la bafuni. Akataka kunisaidia. Alichukua bomba la sindano, akasoma plasta, akaenda moja kwa moja chini ya namba nne.

"Wewe ndiye wa nne, mama mzuri?" aliuliza.

Mama mkwe aliinua macho ukutani. Namba nne ilikuwa pale, juu ya kichwa chake. "Ndiyo, mwanangu," akajibu, akatoa mkono wenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, mkono usio na bangili.

Mimi nilirudi mikono ikiwa bado na maji, nikakuta meza tupu. Nikatoka mlangoni mwa chumba cha dawa na kitu cha kwanza nilichokiona kwenye kitanda cha mlangoni kilikuwa mguu, mguu uliovimba, umeinuliwa juu ya mto. Mwili wangu ulielewa kabla yangu. Nikatazama dirishani. Asali alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, anasimulia jambo, kidole gumba kikisukuma taratibu, na mama mkwe wangu anamsikiliza akitabasamu.

Kwenye wodi hatukimbii, lakini nilikimbia. Nilimshika Asali kiganja.

"Acha," nilimwambia. "Chomoa. Hiyo ni penisilini, na huyu ni mama yangu."

Aliacha papo hapo. Alilitazama bomba, akatazama plasta, akatazama uso wa mama mkwe, na tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Dawa nyingi ilikuwa bado ndani ya bomba. Penisilini haisukumwi kwa pupa, na yeye alikuwa anaisukuma kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, hadithi kidogo, dawa kidogo. Ule upole wake uliokuwa umeniudhi tangu asubuhi ndio uliotuachia nafasi.

"Na huyu naye kaja," mama mkwe alianza kusema, kisha akajikuna shingo. Akajikuna tena. Ngozi ilikuwa inamtoka mabaka mbele ya macho yangu, na midomo inaumuka. Aliponiita, sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka kwenye tundu la ufunguo.

Sista Mkuu alifika bila kuitwa. Akamlaza chali, akainua miguu yake juu ya mito, akamwambia Asali alete oksijeni, na Asali akaleta mbio, machozi yakimdondoka hata hakuyafuta. Mimi nilivunja shingo ya kichupa cha adrenalini, dawa ya kurudisha pumzi, nikavuta. Sista Mkuu akanishika mkono.

"Umeshika nini?"

Nilimwambia adrenalini.

"Soma."

Nilitaka kumsukuma. Mama anakufa, naye ananiambia nisome. Nikasoma jina lililoandikwa kwenye kichupa, nguvu ya dawa, mwezi wa kuisha, kiasi nilichovuta, sauti yangu ikitetemeka na mikono ikitetemeka zaidi.

"Mgonjwa ni nani?"

Nilifungua mdomo niseme ni mama. Ndilo jina pekee nililowahi kumwita, tangu siku ya kwanza niliyoingia nyumbani kwake na sanduku langu. Nikataja jina lake, na la baba yake, kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. Yeye alikuwa ananitazama kwa macho yaliyobaki nyuzi mbili. Sista Mkuu akauachia mkono wangu, nikamchoma pajani.

Kusubiri ni kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Nilikaa nikasimama. Nilihesabu mapigo yake, nikapotea, nikaanza upya. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mume wangu alisimama nyuma ya pazia na machungwa yake, akiuliza kama kosa ni kitanda, kama akirudishe, na mimi nikamwambia maneno ambayo mke hamwambii mume mbele ya watu. Aliweka mfuko chini akashika ukuta. Nilimwonea huruma na bado sikunyamaza, maana nilikuwa na hofu na hofu ilitaka mtu wa kumlaumu. Sista Mkuu alichoma sindano nyingine. Dripu mpya ikafungwa kwenye mkono wa pili, ile kanula ya zamani hatukuigusa. Polepole, kwa kunyimanyima, ile filimbi ya kifuani ikaanza kushuka.

Jua lilipokuwa likizama dirishani, mama mkwe alimwomba mwanawe ampe mkoba. Akapekua kwa vidole vizito, akatoa bangili zote nyekundu alizowahi kuzivua, zimejikunja kama maganda ya vitunguu. Akachagua moja akaninyooshea mkono nimvalishe. Nilimvalisha, nikaibana vizuri, naye akalala.

Sista Mkuu alituita mimi na Asali chumba cha dawa. Lile bomba lilikuwa mezani na plasta yake. Aliuliza mwandiko ni wa nani. Asali alianza kusema kosa ni lake, yeye ndiye aliyechukua, yeye ndiye ambaye hakuuliza, na yote yalikuwa kweli. Lakini namba nne ilikuwa ya kwangu, na mkia wake ule ninaouvuta ninapokuwa na haraka. Mimi, Askari, niliyemtesa bibi wa watu kwa ajili ya jina, nilikuwa nimeandika namba. Nikasema ni mwandiko wangu. Sista Mkuu hakutupigia kelele. Alisema taarifa itapelekwa juu kama ilivyo, na kwamba hakuna bomba litakalotoka tena chumba hiki bila jina la mtu, hata plasta ikibidi izunguke mara mbili. Kisha akatuambia tukanawe uso.

Mama mkwe alipopata nguvu ya kuongea, la kwanza alilotaka kujua ni kama Asali atafukuzwa. Alimwambia Sista Mkuu kwamba msichana aliuliza na yeye ndiye aliyeitikia, kwa hiyo kama ni kufukuzwa, wafukuzwe wote wawili. Sista Mkuu alisema hospitali haiwezi kumfukuza mgonjwa ambaye bado anakohoa. Nilisikia mtu akicheka, nikagundua ni mimi.

Asubuhi yake alirudishwa chini ya namba yake mlangoni, na akasema dawa anataka nimpe mimi. Sista Mkuu alitutazama kwa zamu, mkwe na mkwe, akakubali, kwa sharti kwamba atasimama pale. Nikatayarisha dawa yake ya kichomi, ile isiyomdhuru. Sista Mkuu akasoma kichupa nami nikasoma, na kwenye plasta nikaandika jina lote kwa herufi za sisimizi.

Nilipofika kitandani nilimkuta ameegemea mito, uso bado una uvimbe wa jana, nywele zimechomoza nje ya kitambaa. Alionekana mdogo. Sijawahi kumwona mdogo maishani mwangu. Niliketi pembeni yake, jambo nisilolifanya kwa mgonjwa yeyote. Nikamwuliza amelalaje. Nikauchukua mkono wake, nikapangusa mdomo wa kanula kwa pamba ya spiriti, nikanyanyua bomba.

Akauvuta mkono akauficha ndani ya blanketi.

Nilidhani nimemwumiza. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitakwenda taratibu, ni dakika chache tu. Alitikisa kichwa.

"Hujaniuliza," mama mkwe alisema.

Nilibaki na bomba mkononi. Ni kweli, sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimemtazama usoni nikatosheka, kama Asali alivyotosheka na ukuta. Usiku kucha nilikuwa nimelirudia jina lake kitandani, na nilipofika kwake nikaona halina haja, kwa sababu namjua, kwa sababu nampenda.

Nikasimama. Nikarudi mahali pangu, miguuni pa kitanda.

"Jina lako nani?" nilimwuliza, kisha nikanyamaza.

Alijikohoza kwanza. Akataja jina lake, akataja la baba yake, halafu akaongeza la babu yake, ambalo sijawahi kulisikia tangu niolewe, akilisema kwa sauti ya kutosha mpaka fundi cherehani kule dirishani akageuka. Alinisubiri nisome bangili. Alinisubiri nisome plasta. Ndipo akautoa mkono.